Mkono wa Kushoto Kwenye Daraja la Thuci

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa kazi, nilionyeshwa giza. Tulikuwa wanaume wengi tumepiga foleni nyuma ya jengo la mabati pale Embu, kila mtu na pasi yake mkononi, maana miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni, Mmeru au Muembu asiye na pasi alikuwa kama mbuzi aliyeokotwa njiani: wa kwanza kumwona ndiye mwenyewe. Mzungu mrefu, shati limetobolewa na dawa, alikuwa akiita mtu mmoja mmoja ndani. Kila aliyeingia alitoka haraka. Mmoja alitoka mbio, kofia kaiacha huko, akapaza sauti:

"Jamani, huko wanalisha watu kiapo! Madirisha yamezibwa, unaambiwa utie mkono gizani na ukitoka usimwambie mtu!"

Foleni ikapungua papo hapo, kwa kuwa aliyekula kiapo cha wapiganaji wa msituni aliweza kunyongwa. Nikajikuta wa mbele bila kusukuma mtu.

Ndani palikuwa na taa ndogo nyekundu, kisha nayo ikazimwa. Sauti ya yule Mzungu ikasema, "Mezani kuna vigae vya kioo. Kila kimoja kina mikato pembeni. Panga, chenye mkato mmoja kwanza."

"Kwa macho gani, bwana?"

"Kwa mkono. Hapana macho."

Nikapapasa, nikapanga. Taa ikawashwa. Hakuna hata kimoja kilichokosa mahali pake, na hakuna hata kimoja nilichokishika katikati. Vyote nilivishika kingoni, bila kuambiwa. Akaniuliza nimesoma mpaka darasa gani.

"La tatu, bwana. La nne nililichungulia dirishani."

Akacheka mpaka akaketi. Hivyo ndivyo mimi Kirimi, mtoto wa Igoji, nilivyoingia katika kazi ya kuzipima sheria za dunia. Najua kuna watu hapa Meru wanaosema najisifu. Wacha waseme. Wao walikuwa wapi?

Vijana wanaokuja studio yangu ya picha hapa Gakoromone huniuliza kazi yenyewe ilikuwa nini, basi niwaeleze sawasawa. Yule Mzungu alikuwa daktari, lakini si wa kutibu. Akina mama walimletea watoto wenye homa mpaka akachoka kuwaeleza, akawa anaweka aspirini kwenye droo kwa ajili yao. Udaktari wake ulikuwa wa chembe: vitu vidogo kuliko vumbi la vumbi, vinavyoshuka kutoka angani mchana na usiku na kupita ndani ya mabati, mawe na vichwa vyetu. Huwezi kuziona. Kinachoweza kuziona ni kigae.

Kigae ni kipande cha kioo kilichopakwa dawa ya picha, nene kuliko ile ya filamu ya kamera. Chembe ikipita ndani ya dawa huacha alama, kama konokono anavyoacha ute, na ukikisafisha kigae unaona mstari wa nukta nyeusi chini ya hadubini. Lakini kamera hufungua jicho na kulifunga, kigae hakina kope. Tangu kinapopakwa dawa mpaka kinaposafishwa, kinaangalia. Kikiwa mlimani kinaangalia, kikiwa njiani kinaangalia, ukikisahau juu ya rafu kinaangalia tu, kinazidi kujaa alama zisizotakiwa, na zile za zamani zinaanza kufifia. Ndiyo sababu kazi ile haikuwa na utulivu. Daktari alitembea chumbani kama chui wa kwenye tundu. Akikaa, goti linatikisika. Na mimi nikaambukizwa. Mke wangu mpaka leo anasema nalala kama mtu anayengojea kuitwa.

Vigae vyetu vilikaa juu Mlima Kenya, kupitia upande wa Chogoria, kwenye mwamba ulio juu ya mianzi, kwa sababu kule juu chembe za angani ni nyingi. Tuliviweka ndani ya sanduku la chuma laini. Dunia ina sumaku yake, ile inayogeuza sindano ya dira, na sumaku hiyo ingeweza kuzisokota chembe kabla hazijajibu swali la Daktari. Chuma laini huizuia. Sanduku lilikuwa zito, likifungwa kwa skrubu na kuzungushiwa mpira mweusi ili mwanga usipenye. Kuvuka handaki la msitu, lile lililochimbwa na kujazwa miti iliyochongwa ili wapiganaji wa msituni wasishuke vijijini, kulihitaji kibali chenye mhuri na kitambaa cheupe begani. Nilipanda kule mara nyingi, na wapagazi wakubwa kwangu kwa umri waliniita "Baaba" kwa mzaha, kwa vile niliwafokea wasilitikise sanduku.

Waliosoma vigae ni wasichana waliotoka skuli ya misheni, na mkubwa wao alikuwa Wanjira, Muembu wa karibu na Runyenjes. Cheo chake kilikuwa Msomaji Mkuu. Alikaa kwenye hadubini mgongo wima, hageuki, hata ukiangusha debe nyuma yake. Siku moja namsimulia nilivyomkaripia mpagazi, akasema bila kuinua jicho:

"Kirimi, huo mdomo wako ungekuwa kigae, ungeshaungua na mwanga zamani. Haufungwi."

Nikamwambia ipo siku mdomo huo utamfaa. Akasema, "Nitaingoja nikiwa nimekaa."

Sasa swali lenyewe. Daktari alinieleza mezani kwa pia, hii hii wanayochezea watoto, na kioo cha kunyolea ndevu. Akaizungusha pia mbele ya kioo.

"Inazunguka wapi?"

"Kulia, bwana."

"Na ya kwenye kioo?"

"Kushoto."

"Mtu akikuonyesha ile ya kwenye kioo peke yake, utajua ni ya kioo?"

"Sitajua. Pia ni pia."

"Ndiyo kanuni hiyo. Wakubwa wote wa elimu hii wanaamini kwamba dunia ya kwenye kioo inafuata sheria zilezile. Maumbile hayajui kulia wala kushoto. Wanaamini. Lakini kwa chembe hizi zangu, hakuna aliyepima."

Akanieleza. Iko chembe inaitwa pioni. Ikisimama ndani ya kigae inakufa, na katika kufa inazaa nyingine, myuoni. Myuoni inatembea kidogo tu, huku ikizunguka kama pia, nayo inasimama, inakufa, na inatema elektroni. Kama kanuni ya kioo ni ya kweli, elektroni zitatemwa sawasawa, nusu mbele kule myuoni ilikokuwa ikielekea, nusu nyuma ilikotoka. Zikionekana kupendelea upande mmoja, basi pia hiyo na ile ya kwenye kioo zinatofautika, kwa kuwa kioo hugeuza mzunguko bila kugeuza mwendo: maumbile yanaujua mkono wa kushoto na wa kulia, na vitabu vyote vitaandikwa upya.

Nikamwambia, "Bwana, kwetu hilo halina swali. Zamani Wameru walikuwa na Mugwe, mzee wa baraka. Alibariki watu kwa mkono wa kushoto. Mkono huo ulifichwa chini ya vazi lake, hakuna aliyeruhusiwa kuuona. Wa kulia ulikuwa wa kulia chakula tu."

"Ukionekana?"

"Wengine wanasema nguvu inaisha. Wengine wanasema aliyeuona ndiye anayeisha."

Goti lake likaacha kutikisika kwa mara ya kwanza. "Kama vigae vyangu," akasema. Halafu: "Lakini hiyo ni desturi, Kirimi. Watu wanaweza kuchagua. Mimi nauliza chembe, isiyo na mzee wa kuifundisha."

Mwaka ukapita hivyo, sanduku liko mlimani linajaa. Kisha siku moja Daktari akarudi kutoka Nairobi uso umebadilika. Hakusalimia. Alikuwa amekutana na mgeni kutoka ng'ambo aliyemwambia kwamba huko nako wameanza kuijaribu kanuni ya kioo, kwa njia zao, na wenye mashine kubwa wanakesha. Akatuambia mimi na Wanjira, "Jibu liko kwenye sanduku letu sasa hivi. Limekaa pale juu, na mimi nimekaa hapa nakunywa chai."

Alikuwa hajamaliza chai hiyo alipofika tarishi wa D.O., yule afisa wa serikali. Mlima unafungwa. Kutakuwa na msako wa askari, landrova yetu inachukuliwa kwa msako huohuo, na kila kilichowekwa juu ya handaki kishushwe kesho, kisiposhushwa kihesabiwe kimepotea. Tena baada ya hapo hakuna kibali kingine.

Daktari akanitazama. Hakuweza kwenda mwenyewe. Dawa za kusafishia vigae vinene hivyo lazima zichanganywe na kupoozwa kwa maji ya mto kabla vigae havijafika, na mwenye kujua vipimo ni yeye. "Wewe leta," akaniambia. "Likifunguliwa njiani, hata kidogo tu, mwanga ukaingia, hatuna jibu, na hatuna kazi. Nitafunga hapa niende kwetu."

Yeye akienda kwao, mimi naenda wapi? Pasi yangu ilikuwa na sahihi yake. Sahihi ikifa, narudi nyuma ya uzio wa kijiji cha Hali ya Hatari, kafyu jioni, asubuhi jembe la kuchimbia handaki, na homgadi, mlinzi wa kijiji wa serikali, ambaye nilimshinda mieleka utotoni ananisimamia na bunduki. Nilikuwa nimeapa moyoni sirudi kule. Kwa hiyo msinione shujaa wa elimu. Sanduku lile lilikuwa miguu yangu.

Tulipanda, tukalishusha. Nitafupisha: mvua, matope, mpagazi mmoja aliyesema afadhali kubeba maiti kwa kuwa maiti angalau hana pembe. Chini Chogoria nilihitaji gari, na gari lililokuwapo lilikuwa lori la Mzee Sudi, mwenye bucha ya Embu mjini. Mzee Sudi alikuwa Mwislamu, baba yake alikuja zamani na msafara kutoka bara la Tanganyika, mama yake Mmbeere, yeye mwenyewe amezaliwa Embu na ana Kiswahili kilichonyooka kutushinda sisi wote. Alikuwa amenunua mbuzi Meru.

"Karibu, bwana mdogo," akasema, "ila abiria wangu wana harufu na hawana simile. Hicho chuma kina nini?"

"Vigae vya Daktari, mzee. Havitakiwi kuona mwanga."

"Basi vimefanana na mama mkwe wangu. Pakia."

Tukaliweka sanduku katikati ya mbuzi. Nikalikalia, ingawa barabara ilinipiga nyonga. Na kwenye begi langu nilikuwa na mfuko wa giza. Huo ni mfuko mpana wa kitambaa cheusi cha tabaka mbili, wa kumeza sanduku zima, wenye mikono miwili ya mpira, kama shati lisilo na shingo. Unaweka kitu ndani, unafunga, unaingiza mikono yako, unafanya kazi bila mwanga. Daktari hakuniagiza niubebe. Niliubeba kwa akili yangu.

Kwenye daraja la Thuci, pale nchi ya Meru inapokutana na ya Embu, palikuwa na kizuizi: gogo juu ya mapipa, magunia ya mchanga, homgadi na komanda wao. Komanda alikuwa mtu wa Tharaka, mwenye kifua kipana na koti la jeshi lililombana. Sifa yake ilimtangulia, kwamba hakuna mzigo uliovuka daraja lile bila yeye kuona kitako chake.

"Mbuzi napenda," akasema. "Chuma kile sipendi. Fungua."

Nikamwonyesha pasi, kibali, mhuri. Akavitazama vyote, akavirudisha. "Karatasi nimeona. Sasa fungua chuma."

"Komanda, nikifungua, kazi ya mwaka mzima inakufa. Ni dawa ya picha. Mwanga ukiigusa imeungua."

"Kitu kisichotaka jua," akawaambia vijana wake, "kinatoka msituni, kimefungwa na mpira mweusi, na mtu amekikalia kama kuku. Nyinyi mnaonaje?"

"Kiapo!" mmoja akajibu. "Ni vyombo vya kiapo hivyo, Komanda. Nileteeni shoka."

Na shoka likaletwa kweli. Mbuzi wakaanza kulia. Lakini mdomo wangu, ule mdomo ambao Wanjira aliukejeli, haukukauka. Nikasema, "Komanda, kuona huwezi, lakini kushika unaweza. Nina mfuko hapa. Nitaingiza sanduku, nitalifungua ndani, wewe utie mkono wako na upapase. Ukikuta kitu cha kiapo, shoka hilo lianze na mimi."

Nilidhani nimesema jambo la busara. Kumbe nimemwaga petroli. Nikafungua begi, nikatoa mfuko, mweusi, mikono yake miwili ikaning'inia. Homgadi wakarudi nyuma wote. Komanda mwenyewe akapiga hatua moja nyuma, akagusa gogo.

"Unataka nitie mkono ndani ya hicho?"

"Ndiyo, Komanda."

"Gizani. Mbele ya vijana wangu wote. Nishike kitu nisichokiona." Sauti yake ikashuka. "Wewe mtoto wa Igoji, unataka kunilisha kiapo mchana kweupe, na mashahidi juu!"

Ndipo nilipouona mtego wenyewe. Mtu yule alikuwa amewakamata wengine kwa kosa hilohilo. Akitia mkono, hata kama ndani mna viazi, jioni ile kijiji kizima kitasema Komanda amekula kiapo pale darajani. Hawezi kutia mkono, wala hawezi kuniacha nipite. Kilichobaki ni shoka.

Mzee Sudi akashuka kwenye lori, anajipangusa mikono kwenye kanzu. "Nitatia mimi. Mimi mkono wangu umeshika mengi. Haya, Kirimi, funua mama mkwe."

Nikaliingiza sanduku mfukoni, nikafunga, nikatia mikono, nikalegeza mpira na skrubu kwa kupapasa. Kisha nikamwachia mzee nafasi. "Kingoni, mzee. Katikati usiguse."

Akatia wa kulia, akapapasa, macho yake juu mawinguni. "Bismillahi. Vigae. Vimepangwa kama sahani za harusi. Baridi kama maini ya juzi. Basi. Hakuna pembe, hakuna manyoya, hakuna damu, na damu mimi naijua kwa kidole."

Homgadi wakacheka kidogo. Komanda hakucheka. "Wewe Mwislamu," akasema. "Kiapo chetu hakikung'ati. Ushahidi wako si ushahidi."

"Haya, nimekataliwa mimi pamoja na mkono wangu," Mzee Sudi akasema, akaenda kuwatuliza mbuzi.

Mwenye shoka akasogea. Sanduku liko wazi ndani ya kitambaa cheusi, pigo moja na mwanga umeingia wote. Nikajitupa juu ya mfuko, nikasema kwa Kimeru sasa, si kwa Kiswahili, maana Kitharaka na Kimeru ni ndugu. Nikamwambia Komanda: babu zako walikuwa na Mugwe. Mkono wake wa kushoto ulifichwa maisha yake yote. Je, ulifichwa kwa kuwa ulikuwa mbaya? Nani kati ya babu zako aliyechukua shoka akafunua vazi lile ili aone? Iko siri ya uovu, na iko siri ya kitu kinachoharibika kikitazamwa. Wewe ni Mtharaka, hizo mbili hujaanza kuzichanganya juzi tu kwa sababu umepewa bunduki.

Mto ulivuma chini yetu. Mwenye shoka alikuwa Muembu, alishika neno hapa na pale tu, akawa anatutazama kwa zamu.

Komanda akavuta pumzi. "Geukeni," akawaamuru. "Wote. Tazameni Embu kule. Atakayegeuza shingo nitamkata mshahara."

Wakageuka. Akavua saa, akakunja koti. Akautazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Kiapo huliwa kwa wa kulia. Kama ni kiapo, kimeshika mkono usiokula. Kama ni baraka, ndio wenyewe."

Akatia wa kushoto.

"Kingoni, Komanda," nikasema, lakini alikuwa ameshaubonyeza ndani, kwa nguvu, kama mtu anayeshika kaa la moto ili limalizike haraka. Akatulia. Akautoa. Akautia mfukoni mwa koti, hakuutazama.

"Pita," akasema.

Nikakaza skrubu na mpira ndani ya mfuko, Mzee Sudi akawasha injini, tukavuka. Tukaenda mpaka Runyenjes. Hapo ndipo mzee alipopumua: "Bwana mdogo, wewe siku moja utauza maji mtoni."

Daktari alikuwa amesimama barabarani. Vigae vikaingia kwenye dawa palepale. Kusafisha kigae kinene si kama kusafisha picha: kwanza dawa baridi ipenye mpaka chini, kisha joto kidogo ifanye kazi, kisha kusuuza na kusuuza, na ukiharakisha inachubuka. Siku nzima na zaidi hatukutoka. Vilipokauka, Daktari akainua kigae cha juu kuelekea dirishani, na pale katikati, wazi, palikuwa na alama ya dole gumba.

"Nani?"

Nikamweleza lote. Hakunifokea. Alikaa, akasema, "Hicho hakihesabiwi. Kilichoguswa hakihesabiwi, hata kikisema nini. Kiweke kando." Na vingine vyote vilikuwa safi kama yai.

Wanjira na wasichana wakasoma. Ilichukua miezi, na miezi hiyo Daktari alimaliza soli za viatu ndani ya chumba kimoja. Kila walipokuta myuoni iliyokufa, waliandika elektroni ilikwenda wapi, bila kuambiana, ili asiwepo wa kumfuata mwenzake. Mwishoni zilijumlishwa. Zilizorudi nyuma zilikuwa nyingi kuliko zilizokwenda mbele. Maumbile yalikuwa na mkono.

Lakini niseme ukweli wote. Wakati huo wale wa ng'ambo walikuwa wameshatangaza, wao kwa mashine na kwa chembe nyingi kuliko zetu mara nyingi sana. Zetu zilikuwa chache. Daktari alisema zetu peke yake zisingetosha kumshawishi mtu mgumu, ila zilielekea upande uleule. Nikamwuliza, je, tumeshindwa? Akasema, "Kirimi, kama kanuni imevunjika, lazima ivunjike pia Embu. Tumehakikisha Embu." Mimi hiyo inanitosha. Nani mwingine Meru nzima anaweza kusema hivyo?

Wanjira, kwa ukaidi wake, alikisoma hata kile kigae cha juu. Aliniita. Ndani ya mistari ya lile dole gumba alikuwa ameikuta myuoni moja, na elektroni yake imerudi nyuma. "Haihesabiwi," akasema, "lakini ipo." Kisha akaongeza, "Na ule mdomo wako, haya, siku yake imefika." Daktari alipoondoka, Hali ya Hatari ikiwa inakwisha, alinipa kigae kile pamoja na mabeseni yote ya dawa. Kwa mabeseni hayo nilianza studio. Leo hakuna harusi wala pasi ya kusafiria Gakoromone ambayo haikupita mikononi mwangu, na nina tawi katika mji wa Maua kwa ajili ya wenye pesa za miraa.

Sasa nimestaafu chumba cha giza. Sijazeeka, hata mvi zenyewe zinahesabika. Ni dawa zimekula kifua, na picha za rangi zinasafishwa Nairobi kwa mashine, hazitaki mtu anayeona kwa vidole. Binti yangu ameshika studio. Nakaa nje kwenye kiti, nasimama, nakaa tena. Vijana wananiambia pumzika, Mzee. Kupumzika sikufundishwa. Nilifundishwa na vigae.

Mteja wangu wa mwisho ndiye aliyenifanya niandike haya. Aliingia mzee mwenye kifua kipana kilichoanguka, anataka picha ya kitambulisho. Mkono wa kushoto uko mfukoni mwa koti. Hata alipoketi haukutoka. Nilimtambua kabla hajaongea. Nikamsalimu, "Muga, Komanda."

Akanitazama sana. Binti yangu akatoka nje bila kuambiwa.

"Wewe ni yule wa daraja," akasema. "Basi niambie, mucoore, rafiki yangu, kabla sijafa. Kile kilikuwa nini? Maana tangu siku ile sijampa mtu kitu kwa mkono huu. Sijambeba mjukuu. Ng'ombe akifa, nauangalia. Mtoto akifaulu, nauangalia. Sijui niuombe radhi au niushukuru."

Nilikwenda ndani nikakileta kigae. Nikamwambia, "Ulichoshika ni hiki. Ona, ulikiandikia."

Akautoa mkono. Ulikuwa mweupe kidogo kuliko mwenzake, kama mtu aliyekaa ndani. Akaweka dole gumba kando ya alama, akalinganisha mistari. Uso wake ukakunjamana. "Si mimi. Mistari yangu inaelekea huku, hii inaelekea kule. Huyu ni mtu wa mkono wa kulia."

"Subiri," nikamwambia. Nikakigeuza kigae, akatazama kupitia upande wa kioo. Mistari ikafanana, hadi lile kovu dogo la panga.

Alikaa nacho muda mrefu. Nikamweleza habari ya pioni na myuoni, na ile moja iliyokuwa imekufa chini ya dole lake, elektroni yake ikarudi nyuma kama zenzake nyingi. Sijui alielewa kiasi gani. Alichouliza ni kimoja tu: "Kwa hiyo hakikuwa kinanitazama mimi?"

"Kilikuwa kinatazama kila kitu, Komanda. Hakina kope."

Akacheka, kicheko kifupi cha kukohoa. Akanirudishia kigae, kwa mkono wa kushoto, nami nikakipokea. Kisha akaketi mbele ya kamera, akaiweka mikono yote miwili magotini, ingawa nilimwambia picha ya kitambulisho ni uso tu.

Nilipiga picha ya kifua kizima, na magoti. Jioni nikaingia chumba cha giza kwa mara ya mwisho, na kabla ya kuchapa niliikagua negativu mara mbili pande zote isije ikalala kinyume, ili mkono wa kushoto ubaki kushoto.